Kochi kuukuu halitupwi, huvishwa

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea na ukurasa huu, inuka kidogo ulitazame kochi ulilokalia. Usione haya, hapa tuko sisi kwa sisi. Je, kitambaa kimepauka? Pale pa kuegemea kichwa pameingia weusi wa mafuta ya nywele? Mkono mmoja umechanika nawe umeufunika kwa kile kitambaa cha krosheti ulichofuma kwa mikono yako? Kama ni hivyo, basi yaliyonipata mimi yanakuhusu.

Huku kwetu Kericho na Bomet mgeni hapimi heshima ya nyumba kwa shamba la chai. Shamba liko nje, na karibu kila jirani analo, liwe la mashina mia tano au elfu tano. Mgeni akishaingia ndani hutazama mahali anapoambiwa aketi. Chai ataipata kila nyumba. Kiti ndicho atakachokwenda kukisimulia.

Mimi ni mjane na mkulima mdogo wa chai karibu na Litein. Makochi yangu ni seti ya viti saba: kochi la watu watatu, la watu wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Tuliyanunua mimi na marehemu mume wangu kwa bonasi ya mwaka wa 1996. Seremala aliyaunda kwa mbao za saiprasi akayavisha kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Siku yalipoletwa juu ya pikapu, watoto wa jirani walilikimbilia gari kana kwamba limeleta bibi harusi.

Mume wangu alichagua kiti chake siku hiyohiyo, kile kilicho karibu na dirisha. Redio aliiweka juu ya mkono wa kushoto wa kiti, na kiganja chake kikapata makao juu ya mkono wa kulia. Kwa miaka 15, kila jioni akitoka kupeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia, aliketi hapo. Alipofariki mwaka wa 2011, kitambaa cha mkono ule wa kulia kilikuwa kimelika hata nyuzi zinaonekana. Sikukishona. Nilitandika krosheti juu yake, maisha yakaendelea.

Sasa sikiliza. Mwezi wa Agosti 2025 binti yangu wa pili aliniambia kwamba kuna watu wa kutoka Mogogosiek, Bomet, wanaotaka kuja nyumbani kwa koito. Msomaji usiye wa huku, koito ndiyo siku ambayo wazee wa upande wa mvulana huja kwa wazazi wa msichana kuzungumzia na kukubaliana mahari. Tukapanga iwe Disemba. Nilifurahi kama mama yeyote. Lakini usiku ule nilipowasha taa ya sebuleni nikayaona makochi yangu kwa macho ya wakwe watarajiwa, furaha iliniruka.

Kijana wangu wa kwanza, afanyaye kazi Nairobi, alikuja mwisho wa mwezi. Hakuzunguka mbuyu. "Mama," akaniambia, "haya makochi ni ya kuni sasa. Kuna duka linatoa seti mpya kwa shilingi 85,000, unalipa kidogokidogo. Bonasi ikija utamaliza deni."

Bonasi! Wewe mkulima wa chai mwenzangu wajua neno hilo lina utamu gani na uchungu gani. Tangu KTDA ilipoanzishwa mwaka wa 1964 kuwahudumia wakulima wadogo, sisi huku hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo tulizopeleka, kisha mara moja kwa mwaka, aghalabu Oktoba, huja lile fungu kubwa. Kwa hilo tumejenga nyumba, tumesomesha watoto na kununua ng'ombe. Kwa hilo pia tumekopa kabla halijafika. Na Oktoba 2025 ilipofika, bonasi ilikuwa imeshuka kuliko ya mwaka uliotangulia, na sisi wa magharibi mwa Bonde la Ufa tukaumia zaidi kuliko wenzetu wa mashariki. Jirani yangu mmoja, aliyekuwa amekopa akitegemea malipo hayo, makato yalimmalizia fungu lote. Aliikunja karatasi yake ya malipo ndogondogo akaitia mfukoni, wala hakusema neno mpaka tukafika nyumbani.

Mimi fomu ya mkopo nilikuwa nayo mezani. Nilikuwa nimeijaza yote, imebaki sahihi tu. Nikaikumbuka ile karatasi iliyokunjwa, nikaiweka kalamu chini.

Nilichopindua ndicho kilichoniokoa

Kesho yake asubuhi nilimwita shemeji yangu, mdogo wa marehemu, tukalipindua kochi kubwa miguu juu. Hili ndilo jambo la kwanza ninalokusihi ulifanye, msomaji, kabla ya kununua hata mita moja ya kitambaa. Vazi halitibu ugonjwa. Shika pembe mbili za kochi ulitikise. Likilia na kuyumba, viungo vimelegea, na huyo ni mgonjwa wa seremala, si wa fundi wa cherehani. Tafuta unga wa mbao chini yake, maana ni dalili ya wadudu wanaotoboa ndani. Chunguza mishono kwa tochi, usije ukawavisha kunguni nguo mpya. Kisha bonyeza sponji kwa ngumi. Ikibaki imebonyea, imekufa.

Makochi yangu hayakutikisika. Ile saiprasi ilikuwa imara. Kanda za mpira zilizobeba viti vya kati zilikuwa zimelegea, tukazibadilisha. Sponji mbili zilikuwa zimekufa, tukanunua nyingine nzito. Chini ya viti tuliokota kalamu tatu, kitana, sarafu ya shilingi kumi, na stakabadhi moja ya kupimia chai yenye namba ya mume wangu, kilo 14. Shemeji alinipa bila kusema kitu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama yangu. Alipokuwa msichana alifanya kazi ya ndani katika nyumba ya meneja, kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, yale yaliyoanzishwa miaka ya 1920 na kampuni za Waingereza. Alikuwa akituambia kwamba makochi ya wazungu wale yalikuwa na nguo. Wakati wa kiangazi yalivuliwa moja moja, nguo zikafuliwa, zikapigwa pasi, yakavishwa tena. Sisi watoto tulicheka hata tukaanguka. Kochi lenye nguo! Baadaye nilisoma kwamba desturi hiyo ni ya zamani sana huko Uingereza. Tangu karne ya 18 watu wenye viti vya hariri walivifunika kwa kitani au pamba ili vumbi na jua visivile, na walivivua tu wageni wa maana walipokuja. Wao walificha uzuri. Mimi nilikuwa na uchakavu wa kuficha, lakini ujuzi ni uleule.

Makosa yangu mawili

Usidhani nilifaulu mara moja. Kwanza nilikwenda sokoni nikanunua kava moja ya kuvutika, zile zinazonyooka kama soksi na kuuzwa tayari. Nilipolivisha kochi la watu wawili lilipendeza kwa muda wa chai moja. Alipoinuka mtu wa kwanza, kava ikamfuata nyuma. Mikono ya makochi yangu ni mipana kama ilivyokuwa mitindo ya miaka ile, na kava ile haikujua hivyo. Kochi lilionekana kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima. Sisemi kava hizo ni mbaya kwa kila mtu. Kochi dogo lenye mikono myembamba huenda likazikubali. Langu lilikataa.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Nilinunua kitambaa kizuri cha pamba, nikaenda kwa mama mmoja mshonaji wa sare za shule pale sokoni. Akaniuliza, "Umekiloweka?" Nikamjibu kwamba sina wakati, akate tu. Akanitazama, akasema basi tuanze na kiti kimoja kidogo. Tulishona kava ya kiti cha mtu mmoja, ikakaa vizuri sana. Nikaifua mara moja kuijaribu. Ilipokauka haikuingia tena. Ilikuwa imerudi kama kaptura ya mtoto aliyekua. Pamba hurudi, msomaji, hasa kwa kufuliwa mara ya kwanza. Loweka kitambaa chote, kianike, kipige pasi, ndipo kikatwe. Hekima ya mama yule ya kuanza na kiti kimoja iliniokolea mita zote zilizobaki.

Vipimo

Fundi alikuja nyumbani na futikamba na shuka kuukuu. Akasema nguo hukatwa juu ya mwenyewe. Alilitandaza shuka lile juu ya kochi, akalibana kwa pini, akachora mistari kwa chaki, akakata. Vipande vile vya shuka vikawa ndivyo vielelezo. Kukosea katika shuka kuukuu hakumlizi mtu.

Nawe ukitaka kupima, ligawe kochi lako katika sehemu zake: mgongo wa ndani, mgongo wa nje, mahali pa kukalia, mkono wa ndani, mkono wa nje, uso wa mkono, na sketi ya chini ukiitaka. Kila sehemu ipimwe palipo papana zaidi na parefu zaidi. Ongeza sentimita 2 kila upande kwa ajili ya mshono. Kisha usisahau hili, maana ndipo wengi wanapoharibu: pale kiti kinapokutana na mgongo, na kinapokutana na mikono, ongeza kama sentimita 15 za kuchomekea ndani. Bila hizo, kava itachomoka kila mtu akiketi.

Mito ya kukalia ishonewe foronya zake peke yake, zenye zipu kwa nyuma, na zipu izunguke pembe kidogo ili sponji iingie bila kupigana nayo. Hivyo utaweza kuigeuza mito kila juma, ichakae sawa pande zote. Kama kitambaa kina maua, hakikisha yanatazama juu kila mahali. Niliona nyumba moja maua ya mgongo yamesimama na ya mikono yamelala, ukaingiwa na kizunguzungu.

Kuhusu kitambaa, usidanganywe na mng'aro. Kiinue kwenye mwanga. Ukiona dirisha kupitia kwake, kirudishe. Kikunje ngumini ukiachie. Kikibaki na makunyanzi mengi, ndivyo kitakavyokuwa sebuleni. Pamba nzito, au pamba iliyochanganywa na polista, hufaa. Na rangi? Sisi tunakaa kwenye udongo mwekundu, mvua karibu kila alasiri, na utomvu wa majani chai unaotia mikono weusi. Nyeupe waachie wa kwenye kalenda. Mimi nilichagua kijani kilichoiva chenye mistari ya rangi ya maziwa.

Jambo jingine: nenda kwa fundi mapema. Mwezi wa Novemba nilimpata ana nafasi. Ningengoja Disemba iishe ningekuta amezikwa katika sare za wanafunzi wanaofungua shule Januari.

Gharama

Nakupa hesabu yangu kama ilivyokuwa, ingawa bei hubadilika na kila soko lina yake. Kitambaa cha viti vyote kilikuwa mita 34, kila mita shilingi 380, jumla shilingi 12,920. Ufundi ulikuwa shilingi 6,500. Zipu, uzi na kijikamba cha kupambia mishono, shilingi 1,580. Yote pamoja shilingi 21,000, ukiacha sponji mbili na kanda za mpira. Kitambaa nilikilipa kutoka kwenye ile bonasi nyembamba, na ufundi nikaulipa kwa malipo ya mwezi na mayai. Ile fomu ya mkopo niliwashia moto wa chai.

Lakini sitakuficha kitu, msomaji. Siku fundi alipoleta kava zote, nilizivisha mwenyewe, kiti kimoja baada ya kingine, nikafika kwenye kile cha dirishani, mikono ikaniisha nguvu. Ule mkono uliolika nilikuwa nimeufunika kwa krosheti miaka yote, lakini krosheti ina matundu, na kupitia matundu yale nilikuwa nikiuona. Sasa ungefunikwa kabisa. Niliketi chini kwa muda. Kisha nikawaza: kama ningenunua seti mpya, kiti hiki kingekuwa jikoni kinapasuliwa kuni. Na kama ningemwita fundi wa kuvisha upya, kitambaa hiki kingebanduliwa kikatupwa. Kava haibandui kitu. Ya zamani yote yamo ndani. Nikakivisha.

Koito

Wageni walifika Jumamosi, wazee wanne na kina mama watatu. Mzee mkubwa wao tulimpa kochi la watu watatu. Alipitisha kiganja juu ya kitambaa, akamwambia shemeji yangu kwamba nyumba hii haikungoja wageni ndipo ijipange. Shemeji alikohoa, akanyamaza.

Mazungumzo yalikuwa yanaendelea vizuri pale mjukuu wangu wa miaka mitatu alipopita katikati akakipiga kikombe cha mursik. Unaijua mursik, ile maziwa yetu yaliyogandishwa kwenye kibuyu na kutiwa majivu. Ilimwagika yote juu ya mto wa kochi. Mama mmoja akashika mdomo. Kijana wangu akafumba macho. Mimi niliinuka, nikafungua zipu, nikaivua foronya, nikaitia katika beseni la maji baridi, nikarudi na nyingine, kwa maana fundi alikuwa amenishonea moja ya akiba kutokana na vipande vilivyobaki. Haikuchukua hata dakika tano. Wale kina mama wakaacha mambo ya ng'ombe wakaanza kuniuliza habari za fundi.

Shika hilo pia: maziwa yakimwagika tumia maji baridi kwanza, kamwe si ya moto, maana moto huyagandisha ndani ya nyuzi. Doa la chai nalo liwahi likiwa bichi. Kava zifuliwe kiti kimoja kwa wakati, usije ukakaa na sebule uchi wiki nzima. Huku kwetu anza asubuhi na mapema, uanue kabla ya mvua ya alasiri, na uzianike ndani nje kwenye upepo ili jua lisile rangi. Usivishe kava yenye unyevu wakati wa baridi. Sponji ikinusa maji hufuga ukungu, na harufu yake haitoki upesi.

Tulikubaliana na wageni, nami nashukuru. Jioni walipokwisha kwenda, kijana wangu alikaa kimya muda mrefu kwenye kochi la watu wawili. Kisha akauliza, kana kwamba anauliza habari za mvua, fundi yule hutoza kiasi gani kwa kochi moja la kule Nairobi. Nikamtajia. Hakusema lolote juu ya kuni.

Usiku ule, wote walipolala, niliinua kava ya kiti cha dirishani upande wa kulia. Mkono uliolika ulikuwepo, na nyuzi zake. Ile stakabadhi ya kilo 14 niliichomeka hapo, nikairudisha kava, nikaenda kulala.

Basi, msomaji mpenzi, sikuambii usinunue kitu kipya maishani. Ukiwa na uwezo nunua, tena ukufae. Nakuambia tu kwamba heshima ya kukopa huisha siku ya kulipa. Kama mbao ni nzima na sponji ni hai, mwite fundi.

Na siri ya mwisho. Ili kava isichomoke pale kiti kinapokutana na mgongo, fundi huingiza kitu kigumu kidogo katika ile nafasi ya sentimita 15, kikaibana mahali pake. Wengine hutumia kijiti kilichozungushiwa kitambaa. Mimi natumia gazeti la Jumapili, likunjwe kwa kukazwa kama ubao wa kusukumia chapati. Kwa hiyo hata hili, ukishalisoma wewe na jirani yako, usilitupe.